Nanga Iliyobeba Wawili

Horini, Jumatatu, tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini nyonga inapoa na kwamba humgombezi mkaza mjomba kila chai ikipungua sukari. Huku simu haishiki kabisa, vilima vimetuzunguka pande zote, kwa hiyo barua hii nampa mwenye mashua ya mikate, ambaye ameapa kuitia posta. Usiniombee mtandao. Niombee nafasi.

Maana nafasi ndiyo hakuna. Nilipokuwa baharia wako tulikuja hapa mara nyingi, lakini wewe ndiye uliyeshika usukani. Kazi yangu ilikuwa kutazama mnyororo ukishuka na kutikisa kichwa kana kwamba naelewa. Tangu ulipoanguka ngazini, Mama Daktari akaniambia niishike yoti yake mpaka msimu uishe, nimegundua kwamba hori hili limepungua. Yoti zimepangwa ubavu kwa ubavu, nanga mbele kwenye omo, kamba ya tezi huko nyuma imefungwa kwenye zile pete za chuma mwambani, na kati ya moja na nyingine hapapiti hata mtu mwenye hasira.

Desturi ya hapa unaijua. Chombo kikiingia kutia nanga, kila mtu anatoka nje na kikombe chake, wala hakuna anayekubali kwamba anatazama. Mmoja anapangusa kioo kisafi, mwingine anakunja taulo lililokwisha kunjwa. Basi mbele ya hadhara hiyo nikashusha nanga, na hapohapo bwana mmoja wa yoti ya kijani akaanza kupiga kelele kwamba mnyororo wangu unapita juu ya wake. Nikaing'oa. Mara ya pili ikaburura kwenye mwani, ikapanda na majani kama reki ya bustani. Wageni waliotukodi wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila huku hata ardhi hakuna. Mara ya tatu ikashika.

Huyo bwana nimempa jina la Bwana Kelele. Jioni alipita na kidau chake kunikumbusha kwamba bado niko karibu mno naye. Nikamjibu kwa adabu uliyonifundisha, kisha nikaenda jikoni nikamwambia sufuria maneno mengine.

Usiwe na wasiwasi, Mjomba. Yoti iko salama, na kiti chako cha usukani sikikalii, nasimama. Nakushikia tu zamu mpaka urudi.

Mpwa wako mtiifu (siku nyingi),
Nahodha wa muda


Nyumbani, Jumapili, tarehe 9 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Barua imefika ikinukia mikate, mkaza mjomba wako akaisoma kwa sauti mpaka pale pa sufuria, akacheka hadi akaketi. Anakusalimu na anasema kupunguza sukari ni amri ya daktari, si yake.

Sasa nisikilize. Iliyoshika ni ya mara ya tatu, basi ya mara ya tatu ndiyo utakayoisimulia. Watu hawazami kwa kuchekwa. Mimi nimewaona manahodha walioona haya kung'oa nanga mbele ya watu, wakajiambia itashika tu, na alfajiri wakakutwa juu ya mwamba, wakiwa na heshima zao zote.

Kuhusu huyo jirani, umekosea. Anayekupigia kelele kabla hujamgonga ni jirani. Anayenyamaza anangoja kuwa shahidi. Nenda kwake na mkate wa moto, mwulize amelaza mnyororo kiasi gani na nanga yake iko upande gani. Katika hori jembamba namna hiyo, nusu ya kutia nanga ni chuma chako, nusu ni kujua chuma cha mwenzio kimelala wapi.

Ukishashusha, rudi nyuma polepole kwa injini, uweke mguu juu ya mnyororo. Ukitetemeka, nanga inaburura. Ukitulia, imeng'ata. Na kabla ya kushusha, uwe umefunga kamba kwenye kichwa cha nanga, na juu yake boya, ili anayekuja nyuma yako aone nanga yako ilipo asiitupie yake. Lipake rangi lionekane, lipendeze.

Mguu ni mguu. Unaendelea. Na hicho kiti kikalie, mwanangu, kiti ni cha aliye zamu.

Mjomba wako


Nyumbani, siku hiyohiyo

Mama Daktari, salaam nyingi.

Nakushukuru kwa kuja kuniona, na kwa kuniachia ule mto wa kuegemea, ambao mke wangu ameshauchukua. Nilikuahidi kukueleza daktari wa mifupa atakavyosema. Amesema nyonga hii itanifikisha sokoni na msalani, lakini haitanibeba tena kwenye sitaha inayoyumba. Sirudi. Nimelia kidogo, nikanywa chai, na sasa naandika.

Umenivumilia miaka yote kwenye yoti yako, hata pale nilipokuwa nikikukataza wewe mwenye mali kugusa usukani. Kwa hilo sina cha kukulipa. Lakini naomba mawili tena.

La kwanza, mpwa wangu asiambiwe kwa sasa. Namjua. Akisikia ataitelekeza kazi aje kunishika mkono, na huyo ndiye mtu pekee niliyemfundisha vizuri.

La pili, najua shemeji yako, Bwana Miwani, anaitaka yoti, na vyeti vyake vinajaa ukuta mzima. Sina neno baya juu yake. Ila kabla hujampa, panda mashua ya mikate uende horini, ukae siku mbili, umtazame huyu msichana akitia nanga penye watu. Ukimtaka, mwulize. Usipomtaka, bado nakushukuru.

Nahodha wako wa zamani


Horini, Jumanne, tarehe 18 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kaa chini kwanza, kama umesimama. Hakuna aliyekufa wala kilichovunjika, isipokuwa sifa ya boya lako.

Nilifuata yote uliyosema. Nilimpelekea Bwana Kelele mkate, akanichorea kwa kidole mezani mnyororo wake ulivyolala, kisha akala mkate wote mbele yangu bila kunikaribisha. Boya nililipaka rangi nyeupe na mstari mwekundu, likapendeza kweli. Na hapo ndipo balaa lilipoingia.

Wiki hii Mama Daktari alikuja mwenyewe, bila taarifa, na kibegi kimoja na kofia kubwa. Nikajua amekuja kunikagua. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana, ikaingia yoti ya kukodi na mume na mke wazee, wapole, wakitabasamu kwa kila mtu. Wakazunguka hori lote wakitafuta pa kukaa. Mimi nilikuwa chini nikikaza bomba. Kumbe wakaliona boya langu, safi, jeupe, wakadhani limewekwa na bandari kwa ajili ya wageni. Wakajifunga kwalo, wakatandika meza, wakaanza kunywa chai juu ya nanga yangu.

Upepo wa alasiri ulipoingia kutoka mdomoni mwa hori, yoti yao ikavuta kamba, kamba ikavuta kichwa cha nanga, na nanga yangu ikang'oka taratibu kama jino bovu. Haya maneno ni ya Mama Daktari, ambaye kazi yake ni meno, si yangu. Nilihisi sakafu ikigeuka. Nilipofika juu, tezi yetu bado imefungwa mwambani, lakini omo inaelea kuelekea kwa yoti ya kijani, na nyuma ya tezi ni mawe matupu.

Mjomba, mikono yangu ilijua kabla yangu. Niliwasha injini nikaisukuma mbele kidogo kuokoa tezi isikae juu ya mawe, nikamwomba Mama Daktari ashike usukani palepale bila kuugeuza, nikakimbilia omo na kamba. Bwana Kelele alikuwa ameshasimama ubavuni kwake, maputo ya kuzuia kugongana yamening'inizwa. Nikangoja matusi. Akanyoosha mkono tu, akasema, "Tupa kamba. Nanga yangu inatosha wawili."

Akanifunga kwake. Nanga yake ikatubeba sote, mpaka nilipoipeleka nanga yetu ya akiba kwa kidau na kuishusha mbali mbele, mahali penye tope zuri, nikaikaza, nikaweka mguu juu ya mnyororo. Ukatulia. Ndipo nikaenda kwa wale wazee kuwaambia wanakunywa chai mahali pa hatari. Yule bibi aliona aibu mpaka akanipa sahani yote ya biskuti.

Boya nimeliandika kwa rangi nyeusi: HII NI NANGA YA MTU. Bwana Kelele alilisoma akacheka, na kicheko chake ni kikubwa kuliko kelele zake. Nimemshukuru hata nimechoka. Yeye anasema kamba yangu niliitupa vizuri, basi.

Na hili nalikuletea kwa furaha. Jioni Mama Daktari aliniita kwenye meza ya ramani, akaniuliza kama nataka kuishika yoti moja kwa moja, msimu huu na unaofuata na kuendelea. Nikamwambia asante sana, lakini yoti ina nahodha wake, yuko nyumbani anapona, mimi nashikilia tu. Akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile. Moyo uliniuma kidogo, sikufichi, maana nimeipenda kazi hii kuliko nilivyodhani mtu anaweza kupenda kazi. Lakini nimekulindia nafasi yako, Mjomba. Pona tu.

Mpwa wako


Mjini, Alhamisi, tarehe 20 Februari

Nahodha, salaam.

Nilikwenda, nikaona. Nilishika usukani kwa amri yake na sikuthubutu hata kujikuna. Siku nyingine nitakueleza vizuri. Kwa ufupi, yoti yangu ipo kwa sababu yake na kwa sababu ya jirani ambaye yeye alishamjua kwa mkate.

Nilimpa kazi. Amekataa mara mbili. Anasema yoti ina mwenyewe. Uliniomba nisimwambie kuhusu nyonga yako, na mimi nikikubali jambo huwa sigeuki, ingawa hujawahi kuniweka pagumu hivi: kazi yangu ni kufungua midomo ya watu, wewe umeufunga wangu.

Shemeji anataka jibu, na nimemwahidi atalipata Jumamosi ya tarehe mosi Machi. Siwezi kumpa yoti mtu anayesema haitaki. Ukiwa na la kufanya, lifanye.

Mama Daktari


Nyumbani, Jumamosi, tarehe 22 Februari

Mpwa wangu, mwanangu.

Barua hii mkaza mjomba wako ameipeleka mwenyewe mpaka kwa mwenye mashua ya mikate, na amemwambia akiichelewesha asirudi tena mtaani kwetu. Isome umekaa.

Sirudi baharini. Daktari wa mifupa alishasema, na nilijua tangu kabla ya ile barua ambamo nilikuambia mguu unaendelea. Unaendelea kuwa mbovu, hilo sikulimalizia. Nilimwomba Mama Daktari asikwambie. Nilidhani nakukinga, nikihofia utaacha kila kitu uje kunikokota kwenye korido. Kumbe nilikuwa nimetupa nanga yangu juu ya mnyororo wako, na ulipotaka kwenda mbele ukashindwa.

Nafasi unayonilindia haina mtu. Ilikuwa yako ulipokuwa ukiikataa.

Nimesoma ile "nimekulindia" mara nyingi, mkaza mjomba wako ameninyang'anya karatasi kwa hofu kwamba itachanika. Mimi katika maisha yangu nimesaidiwa na wengi, lakini sikumbuki mtu aliyeacha kitu anachokipenda hivyo ili mimi nikikute. Asante, mwanangu. Asante sana. Sasa nakuomba uache kunifanyia hivyo.

Heshima si utumwa. Nenda mjini kabla ya Jumamosi ijayo, maana siku hiyo shemeji yake anayeitaka yoti anapewa jibu, ingia kwa Mama Daktari, umwambie kwa mdomo wako kwamba unaitaka. Usiseme Mjomba amenituma. Usiseme kama itakupendeza. Sema nataka.

Na usije nyumbani kwanza. Ukija nakufungia mlango, nikiweza kuufikia.

Mjomba wako


Mjini, Ijumaa, tarehe 28 Februari

Mjomba, shikamoo, ingawa nimekasirika.

Nimekukasirikia njia nzima. Nililia kwenye kidau katikati ya hori, na usiniulize watu wangapi walitoka nje kukunja mataulo. Ulinipa hadithi za mguu unaendelea nami nikawa najibu kwa mizaha! Laiti ungeniambia, ningekuja siku mbili tu, nikushike mkono, nirudi. Hukuniamini kwamba ningerudi. Hilo ndilo lililoniuma, na sasa nimelisema limekwisha.

Bwana Kelele nilimwomba aniangalizie yoti. Nilimweleza yote. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, alichukua tu ufunguo akauvaa shingoni.

Ofisini kwa Mama Daktari nilikuta viti vimejaa watu wenye mashavu yaliyovimba. Msichana wa mapokezi akaniuliza ni jino gani. Nikamwambia linaloniuma si jino. Akaniandika "dharura", na kusema kweli ilikuwa dharura.

Nilipoitwa, alikuwa hajamaliza na mgonjwa. Mzee wa watu amelala chali, mdomo wazi, pamba pande zote mbili, macho yananitazama. Mama Daktari akaniambia niseme tu, huyo hawezi kumwambia mtu. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri kwenye basi, yote yakanikimbia. Nikasema, "Nataka yoti. Niliitaka hata nilipokataa. Nilikataa kwa sababu sikuweza kukalia kiti ambacho mwenyewe hajainuka."

Alimaliza kuziba lile jino, akavua glavu. Akaniambia hapendi kumvunja moyo shemeji yake, na kwamba huyo shemeji ana vyeti ambavyo mimi sina. Kisha akasema alikaa horini siku mbili akitazama watu wakitia nanga, na wengi wanatia nanga kwa ajili ya wanaowatazama. Tangu mimi niingie, watu walikuwa wakisimulia habari za yule msichana aliyeing'oa nanga mara mbili mbele ya hori zima. Naye walimsimulia kama kichekesho. Yeye alipanda kitandani siku aliyoyasikia hayo akijua amepata nahodha.

"Shemeji nitamwambia mwenyewe," akasema. "Wewe nenda, jirani anakungoja na ufunguo."

Yule mgonjwa akapiga makofi, Mjomba. Amelala hivyohivyo, na pamba zake.

Kwa hiyo ni yangu. Sijui nikushukuru kwa lipi niache lipi. Kwa kunifundisha, kwa kunisema, kwa kunifukuza nisije. Nashukuru hata kwa boya. Sasa kama nahodha natoa amri yangu ya kwanza: wiki ya pili ya Machi sina wageni, Mama Daktari ameruhusu, na wewe na mkaza mjomba mnakuja horini kama abiria. Kabla sijaondoka horini, Bwana Kelele alikuwa ameshapima mlango wa yoti, kama utahitaji kuja na kiti cha magurudumu. Anasema utapita, ukinyamaza.

Mpwa wako,
Nahodha


Nyumbani, Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Tumefika salama, na mkaza mjomba wako ameshamaliza kumsimulia kila jirani jinsi nilivyopandishwa chomboni kama gunia, Bwana Kelele kichwani na wewe miguuni. Mwambie huyo bwana namshukuru, na kwamba ana mikono ya mkunga na mdomo wa dalali.

Ninaandika kwa sababu pale gatini nilishindwa kusema. Nilijifanya natafuta miwani.

Ulipoingia horini nilikaa nyuma na kujiuma ulimi, mke wangu ni shahidi. Nilitaka kukuambia upunguze mwendo, ukapunguza. Nilitaka kukuambia hapo pana mwani, ukawa umeshapapita. Mara ya kwanza nanga haikukupendeza, ukaing'oa, wala hukutazama nani yuko nje na kikombe. Sikupata la kusema hata moja. Ilinichoma kidogo, kisha nikaona raha ambayo sijawahi kuiona.

Lakini silo ninalotaka kukushukuru kwalo.

Miaka yote niliyotia nanga mahali pale, mwanangu, sikuwahi kulala. Nilijinyoosha tu. Sikio moja lilibaki kwenye mnyororo, na upepo ukibadilika hata kidogo mguu ulikuwa umeshagusa sakafu. Mkaza mjomba wako alizoea kitanda cha nusu mtu. Nilidhani ndivyo mwili wangu ulivyoumbwa, nikadhani nitakufa nao hivyo.

Asubuhi ile ulipotuletea chai niliuliza tu kwa mazoea usiku ulikuwaje. Ukasema upepo uligeuka, ukavuma sana, yoti mbili zikaburura, watu wakawa wanaitana na taa mpaka karibu kukuche, na wewe ulikuwa omo muda wote. Nikamtazama mke wangu. Naye alikuwa ameamka kwa makelele, akakaa kitandani, akaniangalia kwa hofu akidhani nimezimia.

Sikusikia kitu. Nililala mpaka jua likanipiga usoni. Asante, mwanangu.

Mjomba wako